Kwa Nini Makwotabeki Hodari Hushuka Kiwango Wakiwa Katika Umri wa Kilele

1.0 Utangulizi

Katika futiboli ya Kimarekani hakuna mchezaji anayehukumiwa kuliko kwotabeki. Timu ikishinda husifiwa yeye. Ikishindwa hulaumiwa yeye. Umri wake wa kilele, kwa maoni ya wengi wanaoufuatilia mchezo huu, huanza anapofika miaka 26 hivi na kuendelea hadi katikati ya miaka ya thelathini, kwa kuwa wakati huo mwili ungali na nguvu na akili imekwisha kuiva kwa uzoefu. Ingetarajiwa basi kwamba kijana aliyeonyesha kipaji mapema aendelee kupanda, au angalau abaki pale alipofika, mpaka uzee wa mwanamichezo umkute. Hata hivyo, historia ya ligi ya NFL imejaa mifano ya kinyume.

Mfano unaoeleweka upesi ni wa Carson Wentz, aliyekuwa kwotabeki wa Philadelphia Eagles. Katika msimu wa 2019 alipiga pasi 27 zilizozaa mabao, na pasi zake 7 tu zikanaswa na wapinzani. Katika msimu wa 2020, akiwa na miaka 27, pasi za mabao zilikuwa 16 na zilizonaswa zikawa 15, na kabla msimu haujamalizika alikuwa amekalishwa benchi. Katika msimu wa 2021, akiwa na timu ya Indianapolis Colts, alirudi kwenye hesabu zile zile za 2019 bila kuongeza wala kupunguza: 27 kwa 7. Mwaka uliofuata akashuka tena. Je, mtu huyu ni hodari au si hodari? Swali likiulizwa hivyo halijibiki, na mwandishi wa makala haya anaona kwamba kasoro imo ndani ya swali lenyewe.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kinachoitwa kiwango cha kwotabeki hakikai ndani ya kwotabeki peke yake. Hukaa baina yake na watu wanaomzunguka: walinzi wanaomkinga, wapokeaji wanaozikimbilia pasi zake, kocha anayemchagulia mbinu, na wapinzani wanaokesha wakimchunguza. Kipaji chake ni sehemu moja tu ya mkusanyiko huo. Sehemu nyingine zikibadilika, kiwango hubadilika, ijapokuwa mkono unaorusha mpira ni ule ule. Aidha, mabadiliko ya nje yakidumu huweza kuingia katika mwili na akili ya mchezaji, yakawa mabadiliko ya ndani. Hapo ndipo jambo linapokuwa zito, kwa sababu kurudisha walinzi wazuri ni rahisi kuliko kurudisha macho yaliyokwisha kuzoea hofu.

2.0 Kazi ya kwotabeki

Msomaji aliyelelewa na kandanda anaweza kumfikiria kwotabeki kama namba kumi ambaye kila shambulizi ni lazima lianzie mikononi mwake. Timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10 mbele. Ikifaulu hupewa manne mengine, na hivyo hivyo mpaka ifike mwisho wa uwanja na kupata bao lenye alama sita. Karibu kila jaribio huanza kwa kwotabeki kukabidhiwa mpira. Ama ampe mwenzake akimbie nao, ama aurushe kwa mkono kwa mpokeaji aliye mbali, ama akimbie nao mwenyewe.

Kabla ya jaribio hupewa maagizo kupitia redio iliyomo ndani ya helmeti yake, utaratibu ulioruhusiwa mwaka 1994. Redio hiyo hukatwa zikisalia sekunde 15 katika saa ya jaribio. Kuanzia hapo yu peke yake: hutazama jinsi wapinzani walivyojipanga, hukisia nani atakuja kumvamia na nani atarudi nyuma kulinda, hubadilisha maagizo ikibidi, kisha huomba mpira. Akishaupata ana muda wa takriban sekunde mbili na nusu hadi tatu. Ndani ya muda huo hutakiwa kumtazama mpokeaji wa kwanza, akiona amebanwa amtazame wa pili, kisha wa tatu, huku miguu yake ikigeuka sambamba na macho na wanaume wenye uzito wa kilo 120 na zaidi wakimjia kwa kasi.

Kutokana na maelezo hayo inadhihirika kwamba sehemu kubwa ya kazi hii si nguvu ya mkono. Ni kuaminiana. Kwotabeki hurusha mpira kabla mpokeaji hajageuka, kwenda mahali ambapo bado hapana mtu, kwa kuwa anaamini kwamba mtu atakuwapo. Hutazama mbele badala ya kuwatazama wanaomvamia, kwa kuwa anaamini kwamba walinzi wake watano watawazuia. Imani hizo mbili zikivunjika, kipaji hakina pa kusimama.

3.0 Kisa cha Carson Wentz

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu, maana karibu kila sababu inayojadiliwa na wachambuzi imo ndani yake.

Wentz alitoka katika Chuo Kikuu cha North Dakota State, nje kabisa ya vyuo vikubwa vinavyotawala mchezo huu, akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2016. Msimu wake wa pili, wa 2017, ulikuwa wa kustaajabisha: katika mechi 13 alipiga pasi 33 za mabao, zilizonaswa zikiwa 7, na Eagles ilishinda mechi 11 kati ya hizo. Tarehe 10 Desemba 2017, mjini Los Angeles, alijirusha kuelekea mstari wa bao, akagongwa, na kano za goti lake la kushoto zikachanika. Jambo linalosahaulika ni kwamba hakutoka uwanjani mara moja. Alicheza majaribio machache zaidi na kupiga pasi ya bao kwa goti lile lile lililoharibika, ndipo akatoka.

Nafasi yake ilichukuliwa na Nick Foles, mchezaji wa akiba. Februari 2018 Foles aliiongoza Eagles kuifunga New England Patriots 41 kwa 33 katika fainali ya Super Bowl, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu hiyo kulitwaa taji hilo. Wentz aliitazama fainali hiyo akiwa pembeni. Haifai mtafiti adai kwamba anajua kilichopita moyoni mwake, lakini ni vigumu kuipuuza hali ya mtu anayerudi kazini katika mji ambao furaha yake kubwa kuliko zote ililetwa na msaidizi wake.

Mambo mengine yalibadilika kimyakimya katika majuma yale yale. Frank Reich, mratibu wa mashambulizi, aliondoka na kuwa kocha mkuu wa Colts. John DeFilippo, kocha wa makwotabeki, alikwenda Minnesota. Hao walikuwa watu wawili waliofanya kazi na Wentz kila siku katika miaka yake miwili ya mwanzo, kumrekebishia miguu na kumwambia ukweli. Msimu wa 2018 uliharibika kwa jeraha la pingili ya uti wa mgongo. Msimu wa 2019 ulikwenda vizuri, hata akawa kwotabeki wa kwanza katika historia ya Eagles kupita yadi 4,000 za pasi kwa msimu mmoja. Lakini Januari 2020, katika mechi yake ya kwanza ya mtoano, alipata mtikisiko wa ubongo mapema na kutolewa. Miezi michache baadaye klabu, ambayo mwaka 2019 ilikuwa imemwongezea mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 128, ilimchagua kwotabeki mwingine kijana, Jalen Hurts, katika duru ya pili ya uteuzi.

Ndipo ukaja msimu wa 2020. Brandon Brooks, mmoja wa walinzi bora katika ligi, alikuwa amechanika kano ya kisigino kabla msimu haujaanza. Andre Dillard, aliyetegemewa upande wa kushoto, aliumia mkono kabla ya mechi ya kwanza. Wengine waliumia baadaye, ikawa ukuta unapangwa upya karibu kila wiki. Katika mechi 12 Wentz aliangushwa na mpira mkononi mara 50, na hakuna mwingine katika ligi nzima aliyeangushwa mara nyingi kuliko yeye mwaka huo, ingawa wengi walicheza mechi 16.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuulaumu ukuta. Lakini wachambuzi waliozitazama mechi zile waliona jambo la pili: mara nyingi aliangushwa kwa sababu alikaa na mpira kupita kiasi. Mpokeaji wa kwanza alikuwa wazi, naye hakurusha. Alisubiri, akajaribu kuokoa jaribio lililokwisha kufa, akaangushwa au akarusha mpira mikononi mwa mpinzani. Mazoea ya 2017, ya kukataa kushindwa katika kila jaribio, ndiyo yaliyompatia sifa. Mwaka 2020 yakawa yanamwangamiza. Tabia ilikuwa moja. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2017 kulikuwa na ukuta wa kuistahimili, na walimu wa kuizuia isivuke mpaka.

Aliposafiri kwenda Indianapolis mwaka 2021 na kumkuta Reich, hesabu zilirudi kama ilivyoelezwa hapo juu. Hata hivyo, katika mechi ya mwisho ya msimu, tarehe 9 Januari 2022, Colts iliyohitaji ushindi ili iingie katika mtoano ilifungwa 26 kwa 11 na Jacksonville Jaguars, timu iliyokuwa na ushindi wa mechi mbili tu msimu mzima. Miezi miwili baadaye Wentz alipelekwa Washington.

4.0 Ukuta unapoingia machoni

Sababu ambayo mwandishi wa makala haya anaipa uzito mkubwa kuliko nyingine ni kuangushwa mara kwa mara, kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye mfupa.

David Carr alichaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa 2002 na Houston Texans, klabu iliyokuwa ikianza maisha yake mwaka huo. Katika msimu wake wa kwanza aliangushwa mara 76, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na mwingine katika msimu mmoja. Katika misimu mitano aliyokaa Houston jumla ilifika 249. Alipoondoka alikuwa na miaka 27, umri ambao wengine huanza kung'aa, lakini hakupata tena kuwa kwotabeki wa kutegemewa. Mchezaji aliyepita katika mateso ya namna hiyo hujifunza jambo moja lisilofundishwa na kocha yeyote: kutazama chini. Badala ya macho kuwafuata wapokeaji walio mbali, huwafuata wavamizi walio karibu. Hata siku ambayo ukuta uko imara, miguu huanza kucheza kabla ya wakati, mwili hujikunja, na mpira huondoka mkononi kabla miguu haijasimama sawasawa. Pasi ya namna hiyo hupotea kwa nusu yadi, na nusu yadi inatosha kuinasisha.

Sam Darnold, alipokuwa kwotabeki kijana wa New York Jets, alinaswa na kipaza sauti wakati wa mechi ya Oktoba 2019 dhidi ya Patriots akiwaambia wenzake kwamba anaona mizuka. Jets ilifungwa 33 kwa 0 na pasi zake nne zikanaswa. Watu walicheka. Lakini kwa lugha ya mchezo wenyewe kauli ile ilikuwa sahihi mno: mizuka ni wavamizi ambao hawapo, wanaoonekana na macho yaliyokwisha kuvamiwa kupita kiasi. Mtu anayeiona huwa hana upungufu wa kipaji. Ana uzoefu mbaya unaofanya kazi yake kama uzoefu mzuri unavyofanya, yaani bila kuamriwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2024, Darnold aliyekwisha kupita katika timu tatu aliwekwa nyuma ya ukuta wa Minnesota Vikings, chini ya kocha aliyewahi kuwa kwotabeki mwenyewe, Kevin O'Connell. Alipiga pasi 35 za mabao na timu ikashinda mechi 14 kati ya 17.

Kisa cha Andrew Luck kinafanana na jaribio la maabara. Aliingia Colts mwaka 2012 akiwa chaguo la kwanza, na mwaka huo wa kwanza tu aliangushwa mara 41. Mwaka 2014 aliongoza ligi kwa pasi 40 za mabao. Kuanzia 2015 bega lake la kulia liliharibika, figo ikachanika katika mechi moja ya mwaka huo huo, na msimu wote wa 2017 hakucheza hata mechi moja. Mwaka 2018 klabu ilitumia chaguo lake la kwanza kumleta mlinzi, Quenton Nelson, ikamwongeza na mlinzi mwingine katika duru ya pili. Luck aliyerudi akiwa na bega lililofanyiwa upasuaji aliangushwa mara 18 tu, akapiga pasi 39 za mabao na kutunukiwa tuzo ya mchezaji aliyerejea vyema. Kilichoongezeka katika mwaka ule si kipaji, bali walinzi. Lakini msaada ulichelewa: tarehe 24 Agosti 2019, akiwa na miaka 29, alitangaza kustaafu, akieleza kwamba mzunguko wa kuumia, kuugulia na kujiuguza ulikuwa umemwondolea furaha ya mchezo. Usiku huo, alipokuwa akitoka katika uwanja wa timu yake mwenyewe, baadhi ya mashabiki walimzomea.

5.0 Lugha inayobadilishwa kila mwaka

Kila mratibu wa mashambulizi huja na msamiati wake. Jaribio moja na lile lile linaweza kuwa na jina la maneno matatu kwa mratibu mmoja na la maneno kumi kwa mwingine. Mpangilio wa hatua za miguu hubadilika, na utaratibu wa nani atazamwe kwanza hubadilika pia. Kwotabeki anayebadilishiwa mratibu hujikuta akitafsiri kichwani badala ya kucheza, na mtu anayetafsiri huchelewa.

Alex Smith, chaguo la kwanza la 2005 katika San Francisco 49ers, alifanya kazi na Mike McCarthy mwaka 2005, Norv Turner mwaka 2006, Jim Hostler mwaka 2007, na mwaka 2008 akaja Mike Martz. Mabadiliko hayakukoma hapo. Katika miaka hiyo alihesabiwa kuwa miongoni mwa chaguo za kwanza zilizopotea bure, na jeraha la bega lilizidisha mambo. Mwaka 2011 alikuja kocha mkuu Jim Harbaugh, aliyemtengenezea mfumo unaoendana na uangalifu wake: timu ilishinda mechi 13 na pasi zake 5 tu zilinaswa msimu mzima. Mwaka 2017, akiwa Kansas City na umri wa miaka 33, aliongoza ligi nzima katika kipimo cha ubora wa pasi. Wale waliosema mwaka 2008 kwamba hana kipaji hawakuwa na macho mabovu. Walikuwa wakikitazama kitu kingine, yaani vurugu za klabu, huku wakikipa jina la mtu.

6.0 Wapinzani nao husoma

Kushuka kwa kiwango kunaweza pia kutokana na mafanikio yenyewe. Kwotabeki anapong'ara, wapinzani huzichunguza mechi zake zote katika kipindi cha mapumziko, wakitafuta asichokipenda. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alipiga pasi 50 za mabao mwaka 2018, nyingi zikiwa ndefu za kushtukiza. Kufikia 2021 timu nyingi zilikuwa zimeamua kuweka mabeki wawili nyuma kabisa na kumwachia pasi fupi, zikitumaini kwamba atakosa subira. Kwa majuma kadhaa mwaka ule hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na pasi zake zilinaswa kwa wingi ambao watu hawakuuzoea. Akajifunza subira. Mwaka 2022, baada ya mpokeaji wake mwenye kasi kuliko wote, Tyreek Hill, kupelekwa Miami, alipata yadi 5,250 na tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2023 wapokeaji wake walidondosha pasi nyingi, mabao yakapungua hadi 27 na zilizonaswa zikafika 14, idadi kubwa kwake. Mchambuzi aliyeangalia hesabu peke yake angesema ameshuka. Februari 2024 alitwaa Super Bowl.

Tofauti kati ya Mahomes na wengi walioshuka na kubaki chini si mkono tu. Katika miaka yote hiyo alikuwa na kocha mmoja, Andy Reid. Alipata muda wa kujifunza jibu la swali jipya bila kubadilishiwa mwalimu katikati ya somo.

7.0 Bahati katika idadi ndogo

Wasomaji wa takwimu watakuwa wamekwisha kuliona jambo hili. Msimu una mechi 17 tu tangu mwaka 2021, na kabla ya hapo zilikuwa 16. Tuchukue kwotabeki wa kubuni ambaye uwezekano wa kila pasi yake kunaswa ni asilimia 2.5, naye anapiga pasi 500. Kwa wastani zitanaswa 12 au 13. Lakini mchepuko sanifu wa hesabu hiyo ni takriban 3.5, maana yake ni kwamba bila mabadiliko yoyote ya kipaji, afya wala kocha, anaweza kunaswa mara 9 mwaka huu na mara 16 mwaka ujao. Mwaka wa kwanza ataitwa mwangalifu, wa pili ataitwa mzembe.

Francis Galton aliielezea tabia hii mwaka 1886 alipochunguza urefu wa wazazi na watoto wao: kipimo kilichopita kiasi hufuatwa, kwa kawaida, na kipimo kilicho karibu zaidi na wastani. Msimu wa kwanza wenye sifa kubwa mno una uwezekano mkubwa wa kufuatwa na msimu wa kawaida. Baadhi ya kinachoitwa kushuka, basi, ni kurejea tu mahali pa kawaida.

8.0 Gharama ya kufaulu

Tangu mwaka 1994 ligi imeweka kikomo cha jumla ya fedha ambazo klabu inaweza kuwalipa wachezaji wake kwa mwaka. Na tangu makubaliano ya 2011, mchezaji mpya hulipwa kwa ngazi iliyopangwa, chini sana ya thamani yake sokoni ikiwa ni hodari. Hivyo klabu yenye kwotabeki kijana hodari ina fedha za kuwanunua walinzi na wapokeaji wazuri. Akishathibitika na kupewa mkataba mkubwa, fedha zile zile hupungua kwa wengine. Msimamo wa makala haya ni kwamba utaratibu huu hufanya kazi kama kodi juu ya mafanikio: mtu hulipwa kwa kiwango alichokionyesha akiwa na wenzake fulani, na malipo yenyewe huchangia kuwaondoa wenzake hao. Klabu zenye uongozi makini hulikwepa hilo kwa kuchagua vyema wachezaji wapya kila mwaka. Nyingine hushangaa kwa nini nyota wao amefifia.

9.0 Sehemu iliyo yake mwenyewe

Haitakuwa haki kumwondolea mchezaji dhamana yote. Kuna waliong'ang'ania tabia walizoonywa, na kuna walioficha maumivu. Baker Mayfield wa Cleveland Browns aliumia bega la kushoto katika mechi ya pili ya msimu wa 2021 alipojaribu kumkamata mpinzani aliyenasa pasi yake, kisha akaendelea kucheza kwa miezi. Yeye hurusha kwa mkono wa kulia, hivyo wengi waliona bega la kushoto halina neno. Lakini mrushaji huzungusha kiwiliwili chote, na bega la mbele ndilo linalouongoza mzunguko huo. Kiwango kilishuka, klabu ikamtafuta mwingine, na mwaka 2022 alipita Carolina na Los Angeles. Ujasiri wa kucheza na jeraha husifiwa katika mchezo huu, kisha matokeo yake huandikwa katika hesabu za mchezaji bila maelezo pembeni. Akiwa Tampa Bay, mzima wa mwili, alipiga pasi 28 za mabao mwaka 2023 na 41 mwaka 2024.

Kurt Warner alipitia njia ndefu zaidi. Alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1999 na 2001 akiwa St. Louis Rams. Mwaka 2002 alivunjika kidole cha mkono wa kurushia. Katika mechi ya kwanza ya 2003 alidondosha mpira mara sita na kupoteza nafasi. New York Giants ilimwajiri mwaka 2004 ili aishike nafasi mpaka kijana Eli Manning awe tayari. Kwa miaka karibu sita ilikubalika kwamba amekwisha. Katika msimu wa 2008, akiwa na miaka 37, aliiongoza Arizona Cardinals hadi Super Bowl. Katika kipindi hicho cha katikati alijizoeza kuvaa glavu mikononi ili aushike mpira vizuri zaidi, na kuuachia mapema kabla hajafikiwa. Hayo yalikuwa marekebisho yake mwenyewe; ukuta na wapokeaji hodari kama Larry Fitzgerald walikuwa mchango wa wengine.

Wentz hakupata mwisho wa namna hiyo. Washington ilimtumia katika mechi nane tu mwaka 2022, baadhi ya muda akiuguza kidole kilichovunjika, kisha ikamwacha. Tangu hapo amekuwa mchezaji wa akiba: Rams mwaka 2023, Chiefs mwaka 2024, Vikings mwaka 2025. Huko Minnesota, mahali ambapo Darnold alikuwa ameshinda mechi 14 mwaka mmoja kabla, Wentz alianza mechi tano kuziba pengo la kijana aliyeumia, akacheza huku bega lake la kushoto likiwa limeharibika, mpaka mwezi Oktoba lilipofanya msimu wake ukome. Katika mechi ya mwisho kati ya hizo tano aliangushwa mara kwa mara, akiinuka kila mara huku amelishika bega.